Kupiga filamu za hali halisi kuhusu meli kongwe za abiria na maisha ya baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya zaidi ni vijana wa kamera wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, na ndugu zetu walioko ughaibuni wanaotaka kusimulia safari za babu na bibi zao. Tumeanza na ya msingi, kisha vibali, kamera, watu, nyaraka, na mwisho mambo yanayotokea mara chache lakini yakitokea yanaumiza kichwa.

## Ya msingi

Meli kongwe ya abiria ni ipi hasa? Si sawa na hizi za watalii?

Si sawa. Tunazungumzia meli ya safari za ratiba: ilikuwa na njia yake, tarehe zake na bandari zake, nayo ilibeba watu waliokuwa na haja ya kufika, pamoja na barua na shehena. Meli ya watalii huzunguka na mara nyingi ikarudi ilikotoka, na abiria wake analipia kukaa melini. Tofauti hiyo imo hata katika chuma chenyewe. Meli ya ratiba ilijengwa na omo, yaani sehemu ya mbele, ndefu iliyochongoka, mwili mzito na mashine zenye nguvu ya akiba, kwa sababu ilitakiwa itimize tarehe hata bahari ikichafuka. Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, ndiyo pekee ya aina hiyo inayosafiri hadi sasa.

Kwa mtu wa filamu tofauti hii ndiyo inayoamua hadithi. Katika meli ya ratiba unamkuta mhamiaji, askari, mwanafunzi anayekwenda kusoma Ulaya, mke anayemfuata mume asiyemjua vizuri. Kila mmoja ana jambo linalomsubiri gatini.

Huku kwetu zilifika?

Zilifika kwa wingi. Maarufu zaidi ni za British India Steam Navigation, yaani BI, zilizotambulika kwa mbali kwa dohani nyeusi yenye mikanda miwili myeupe. Kampala ya mwaka 1947 na Karanja ya mwaka 1948 zilikwenda kati ya Bombay na Durban, zikipita Shelisheli, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Kenya na Uganda, za mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilitoka London na kupita mfereji wa Suez. Union-Castle walikuwa na meli zilizozunguka Afrika nzima. Waitaliano wa Lloyd Triestino walileta meli zilizoitwa Africa na Europa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza palikuwa na Wajerumani wa Deutsche Ost-Afrika-Linie.

Uganda peke yake inatosha filamu. Ilianza kama meli ya abiria wa Afrika Mashariki, mwaka 1968 ikawa meli ya ziara za wanafunzi, mwaka 1982 ikageuzwa hospitali katika vita vya Falklands, na mwaka 1986, ikiwa Taiwan inasubiri kukatwakatwa, kimbunga kikaing'oa na kuilaza ubavu ufukweni. Ajabu ni kwamba watu wengi wa Kampala na Mombasa hawajapata kusikia habari zake.

Nianze na meli au nianze na mtu?

Na mtu. Meli bila mtu ni vipimo tu: urefu, uzito, kasi, na mtazamaji atavisahau kabla hujamaliza kuvitaja. Na nasisitiza jambo moja ambalo utaliona likijirudia chini: usianze na abiria wa daraja la kwanza. Vinanda, ngazi za mbao na vyombo vya fedha vimeshapigwa picha tangu siku meli ilipozinduliwa, kwa gharama ya kampuni. Ambaye hakupigwa ni aliyelala deki na mkeka wake, mpishi, kuli, na aliyekuwa chini kwenye moto. Huko ndiko walikokuwa watu wetu wengi.

Meli za ziwani zinahesabika?

Za ziwani si za bahari, lakini maisha yake yanafanana. Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli kwenda Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Kabla hujafunga safari ya Kigoma ulizia hali yake kwanza, maana imekaa muda mrefu bila kufanya safari.

## Meli zilizobaki

Ni meli gani kongwe ninayoweza kuingia na kamera leo?

Ni chache. Kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu iliyo karibu ni Queen Elizabeth 2, ile QE2, iliyofungwa Mina Rashid, Dubai, na ambayo ni hoteli tangu mwaka 2018. Ilizinduliwa Clydebank, Scotland, mwaka 1967, ikaanza safari mwaka 1969 na kustaafu mwaka 2008. Queen Mary ya mwaka 1936 iko Long Beach, California. Rotterdam ya mwaka 1959 iko katika mji wa jina hilohilo, Hikawa Maru ya mwaka 1930 iko Yokohama, na Nomadic, chombo kidogo kilichowapeleka abiria wa Titanic melini kule Cherbourg, iko Belfast.

Angalia unachotafuta kabla ya kulipa nauli. QE2 iling'olewa mashine za mvuke na kuwekewa za dizeli na umeme katika miaka ya 1986 na 1987, kwa hiyo ukitaka kuonyesha maisha ya mvuke hutayapata pale. Queen Mary nayo ilitolewa matanuri ya mvuke, lakini chumba cha mashine cha upande wa tezi, yaani nyuma, kimebaki. Kumbuka pia kuwa tiketi ya mgeni haikupi ruhusa ya kupiga filamu ya kuonyesha hadharani. Andika barua kwa wenye meli, eleza siku, idadi ya watu na vifaa, na uwe tayari kulipia.

Je, meli iitwayo United States bado ipo?

Meli iliyovuka Atlantiki mwaka 1952 kwa siku 3, saa 10 na dakika 40 ilikaa imefungwa Philadelphia tangu mwaka 1996. Februari 2025 ilivutwa kwenda Mobile, Alabama, kusafishwa ili izamishwe pwani ya Florida iwe mwamba wa samaki na wazamiaji. Ukiitaka kwenye filamu yako, panga kutumia picha za zamani.

Meli ninayoitaka imeshavunjwa. Nifanye nini?

Hiyo ndiyo hali ya kawaida, usikate tamaa. Tafuta vilivyobaki nchi kavu: kasha la bati lenye kibandiko cha kampuni, tiketi, picha ya kikundi iliyopigwa sitahani, kiti kilichonunuliwa mnadani. Piga gati lenyewe. Kilindini bado ni Kilindini. Unguja meli kubwa zilitia nanga mbali na abiria wakashushwa kwa mashua, kwa hiyo picha ya mashua inayoelekea Forodhani wakati wa magharibi inaeleza mengi bila maneno.

Unaweza kuazima sehemu ya meli nyingine ya enzi hizo, kama mlango, ngazi au tundu la dirisha, lakini usimdanganye mtazamaji. Andika chini ya picha kuwa hii ni meli nyingine. Wapenzi wa meli watakukamata kwa msumari mmoja tu uliokaa pasipo pake, na wakishakukamata hawatakuamini hata kwa yaliyo kweli.

## Vibali

Nahitaji kibali gani kupiga bandarini?

Viwili, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Cha kwanza ni cha filamu: Tanzania Bara ni Bodi ya Filamu, Zanzibar ni BASSFU (Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni), Kenya ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Cha pili ni cha wenye bandari: TPA (Mamlaka ya Bandari Tanzania), KPA (Mamlaka ya Bandari Kenya) au Shirika la Bandari Zanzibar. Tangu Julai 2004 bandari za meli za kimataifa zinafuata kanuni za usalama zinazojulikana kama ISPS, na ndiyo maana mlinzi wa getini hatakusikiliza hata ukimwonyesha barua ya waziri, kama jina lako halimo kwenye orodha yake. Peleka majina, namba za vitambulisho na orodha ya vifaa mapema, na usimwongeze mtu asubuhi ya kazi.

Na droni?

Ni kibali cha tatu. Kenya ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Tanzania ni TCAA, mamlaka kama hiyo, pamoja na ruhusa ya Wizara ya Ulinzi. Usiingie nayo uwanja wa ndege kwa kubahatisha, itabaki kwa maofisa wa forodha. Kuhusu kuirusha ukiwa baharini, tazama sehemu ya kamera.

Ndani ya meli inayosafiri nani anaruhusu?

Kampuni inaruhusu kwa maandishi, nahodha anaruhusu kwa vitendo. Unaweza kuwa na barua nzuri ya makao makuu, lakini nahodha akisema darajani, kwenye chumba cha kuongozea meli, usiingie wakati rubani wa bandari yumo, hoja imekwisha. Nenda kumsalimia siku ya kwanza, kabla ya kufungua mikoba.

Mabaharia nao wana haki zao. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Mahojiano ya saa mbili baada ya zamu yanakula usingizi wake. Muulize mkuu wa kitengo ni muda gani unafaa, na ukubali kama jibu ni dakika 15 za chai.

## Kamera baharini

Mbona taa za ndani zinapepesa kwenye video yangu?

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa hezi 50, ila meli nyingi zinatumia hezi 60. Kamera iliyopangwa kwa Dar es Salaam itaonyesha mistari au kupepesa. Weka kasi ya shata kwenye 1/60 au 1/120, kisha piga jaribio fupi katika kila chumba, kwa kuwa taa mpya za LED zina tabia zake. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kimyakimya, kwani kwenye skrini ndogo ya kamera halionekani.

Nifanyeje mtazamaji ahisi mrama, yaani kuyumba kwa meli?

Watu hudhani wakitumia kifaa cha kutuliza kamera picha itakuwa bora. Sitahani, ukikitumia, upeo wa bahari utatulia na meli itaonekana ikipanda na kushuka, jambo linalofaa kwa picha pana. Ndani ya meli mambo yanageuka: hakuna upeo, na ukifunga kamera kwenye stendi basi chumba chote kinaonekana kimesimama kama cha nyumbani, hata kama wewe mwenyewe unashikilia ukuta. Tafuta kitu kinachoning'inia au kinachomiminika. Pazia la kitanda, koti kwenye msumari, chai ndani ya glasi, ufunguo mlangoni. Kamera isitikisike, ila pazia linaondoka ukutani polepole na kurudi. Kwangu mimi picha hiyo inashinda wimbi lolote lililopigwa kutoka juu.

Sauti?

Sauti ni nusu ya kazi, na baharini upepo na mashine havikupi nafasi. Mbebeshe msemaji maiki ya kubana kifuani, ndani ya nguo, na umkalishe upande usio na upepo. Chumba cha mashine usijaribu mahojiano kabisa: joto linapita nyuzi 40 na kelele zinahitaji viziba masikio. Piga picha za kazi huko, rekodi mngurumo wake peke yake dakika kadhaa, kisha mhoji mtu huyo kwenye chumba kilicho kimya.

Rekodi pia ukimya wa kila mahali: kabini usiku, jikoni kabla ya alfajiri, korido. Utazihitaji wakati wa kuhariri.

Chumvi na unyevu je?

Futa vifaa kila jioni kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi sitahani. Ukitoka kwenye kabini yenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Mombasa, kioo kitapata ukungu papo hapo. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa ipate joto kwanza. Aliyechelewa kuamka akakosa macheo kwa sababu hiyo harudii tena.

Msimu gani unafaa kwa pwani yetu?

Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi na anga safi. Kusi huleta mawimbi makubwa na mawingu, na kama filamu yako inahusu safari ngumu, kusi ndio msimu wako. Tangambili, kati ya pepo hizo mbili, maji yanaweza kulala kama kioo. Kwa picha za ufukweni na za vyombo vilivyopwelewa angalia pia bamvua, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali kabisa.

Droni inaweza kuruka kutoka melini?

Inaweza, ila mahali iliporukia panaondoka. Kitufe cha kurudi nyumbani kitaipeleka majini, kilipokuwa chombo dakika kumi zilizopita. Chuma cha sitaha nacho huchanganya dira yake. Izime huduma hiyo, iongoze kwa mkono, na uwe na mwenzako wa kuidaka. Na bila idhini ya nahodha, iache kabisa.

## Watu na mahojiano

Nitawapata wapi waliofanya kazi au kusafiri katika meli hizo?

Mji wa Kale wa Mombasa, Mji Mkongwe, Lamu, Kariakoo. Ng'ambo, tafuta familia za mabaharia katika miji ya bandari ya Uingereza kama Cardiff na Liverpool, na jamaa wenye asili ya Zanzibar walioko Muscat na Dubai. Anza msikitini, barazani, kwenye vyama vya wazee. Usianze na tangazo mtandaoni, litakuletea wajukuu wenye hamu na wazee wasiojua wameitwa kwa nini.

Waliopanda Karanja wakiwa vijana sasa ni watu wazima sana. Kama unasubiri fedha za kamera kubwa, nenda leo na simu na maiki nzuri. Filamu inaweza kungoja. Mzee wa miaka 85 hawezi.

Nimhojije mzee bila kumchosha wala kumvunjia heshima?

Nenda mara ya kwanza bila kamera. "Shikamoo mzee", kaa, kunywa kilichotolewa, eleza wewe ni mtoto wa nani. Kamera ni ya siku nyingine. Bibi aliyesafiri akiwa mwali huenda akapenda mwanawe wa kike au dada yake akae karibu wakati wa kurekodi, na atasimulia mengi zaidi kwa mwandishi mwanamke.

Usiulize "maisha melini yalikuwaje?" Utajibiwa "yalikuwa mazuri, mwanangu," na ndio mwisho. Uliza vitu: mlilala wapi, mlikula nini, choo kilikuwa wapi, nani alikuwa akipiga kelele asubuhi. Mtaje serahangi na tandali, wasimamizi wa mabaharia, uone uso utakavyobadilika.

Jihadhari na saa. Zamu za melini ni za saa nne nne kwa saa ya Kizungu, lakini mzee anaweza kusimulia kwa saa yetu. Akisema alishika zamu saa mbili usiku, mwandishi wa maandishi ya tafsiri aandike saa 20. Thibitisha palepale kwa kuuliza kama ilikuwa mara baada ya isha au usiku wa manane.

Je, nimlipe?

Usimlipe kwa maneno yake, maana yatageuka bidhaa. Lipia nauli, muda wa kazi alioukosa, chakula, na upeleke zawadi kama mgeni yeyote mwenye adabu. Msainishe fomu ya ridhaa baada ya kumsomea kwa Kiswahili, na mpe nakala ya mahojiano. Hilo la mwisho watayarishaji wengi huliahidi na wachache hulitimiza.

## Nyaraka na hakimiliki

Nitapata wapi orodha za abiria na mabaharia?

Kwa meli za London na Mombasa, Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew ina orodha za abiria: fungu la BT 26 kwa walioingia Uingereza na BT 27 kwa waliotoka, hadi mwaka 1960. Safari za kati ya Bombay na Durban hazimo humo. Orodha nyingi za mabaharia wa meli za Uingereza ziko Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, Kanada, na za miaka inayoishia na 5 ziko Makumbusho ya Bahari ya Greenwich, ambako pia kuna nyaraka za P&O, waliokuwa wenye BI. Nyumbani, jaribu Nyaraka za Taifa Zanzibar na za Nairobi, pamoja na magazeti ya zamani yenye ratiba za meli.

Tafuta majina kwa kila tahajia. Makarani waliandika walivyosikia. Katika karne ya 19 wanamaji wa Uingereza waliwaajiri watu wa Zanzibar na kuwaandika kwa jina la jumla la Seedie, wakati mwingine na jina la mzaha badala ya la kweli. Ukikuta jina la ajabu, usilipite.

Picha imetoka albamu ya familia. Naweza kuitumia?

Mwenye karatasi si lazima awe mwenye haki ya picha. Ya familia yenyewe, pata ridhaa ya maandishi. Ya studio au ya kampuni ya meli, tafuta mwenye haki. Na muziki uliokuwa ukipigwa sitahani kwenye rekodi ya zamani nao una mwenyewe.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Filamu yangu inahusu meli iliyozama. Kuna la kuangalia?

Kuna mengi. Khedive Ismail iliondoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wakiwamo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Tilawa ya BI, iliyotoka Bombay kuja Mombasa na kuendelea Durban, ilizamishwa Novemba 1942 na watu 280 wakafa. Kwa vyote viwili wapo wajukuu ambao hawajui babu alizama vipi, na kamera yako inaweza kuwa ya kwanza kuwaambia. Waambie kabla ya kuwasha. Kuupata mshtuko wa mtu bila yeye kujua ni ukatili hata kama picha ni nzuri. Majina ya askari wa Khedive Ismail yatafute kwenye ukumbusho wa makaburi ya vita, Nairobi.

Kwa misiba ya karibu kama MV Bukoba, mwaka 1996, na Spice Islander, mwaka 2011, manusura wapo na majirani wanawajua. Mwache aliyenusurika aamue pa kuishia, na usitumie picha za miili hata kama umezipata.

Nataka kuingia kwenye meli iliyotelekezwa, au kule wanakokatakata.

Meli za zamani zilijengwa na asbesto nyingi, vumbi lake linakaa mapafuni miaka na kuleta maradhi baadaye. Tangi lililofungwa muda mrefu linaweza kuwa halina hewa ya kupumua. Mtu huanguka kabla hajajua kuna tatizo. Usiingie bila mtu wa usalama mwenye kipimo cha hewa. Huko Alang, India, wenye yadi hawapendi kamera, na ukiingia kwa ujanja anayefukuzwa kazi ni yule kibarua aliyekufungulia. Piga kutoka nje, kisha mhoji kibarua kwao, mbali na yadi, na umfiche uso akitaka.

Simulizi ya mzee inapingana na nyaraka. Niamini ipi?

Usichague haraka. Mzee anasema alipanda Kampala mwaka 1972, nawe unajua meli hiyo ilishavunjwa mwaka uliotangulia. Huenda ilikuwa Karanja, au huenda mwaka ndio umeteleza. Rudi kwake na picha za meli zote mbili bila majina, umwachie aonyeshe kwa kidole. Akishikilia lake, liweke kwenye filamu kwa sauti yake, na tarehe ya nyaraka iandikwe chini kwa herufi ndogo. Usimkatize mbele ya kamera kumsahihisha, wajukuu zake wanatazama.